Mashindano ya malori ambayo mwenye mbio hashindi

MTU anaposikia kuwa kuna mashindano ya madereva wa malori, aghalabu hudhani ni mbio: vumbi, ngurumo za injini na mshindi anayetangulia kufika. Mashindano ya kitaifa ya madereva wa malori nchini Marekani ni kinyume kabisa cha hayo. Lori huenda mwendo wa kutambaa, na mwenye papara hupoteza alama mapema.

Mashindano hayo, yaliyoanza mwaka wa 1937, huandaliwa na American Trucking Associations, chama cha kampuni za uchukuzi wa malori. Dereva huanzia katika jimbo lake, na washindi wa kila kitengo ndio wanaokwenda fainali. Vitengo hufuata aina ya gari: lori lisilo na trela, trela za ekseli tatu, nne na tano, matangi, trela za wazi zisizo na kuta, na malori yanayovuta trela mbili kwa pamoja. Fainali za 2020 na 2021 zilifutwa kutokana na janga la Covid-19, zikarejea mwaka wa 2022 mjini Indianapolis.

Sharti la kwanza ndilo gumu kuliko yote, na halifanyiwi mazoezi uwanjani. Anayetaka kushiriki lazima awe ameendesha mwaka mzima bila ajali. Hivyo maandalizi huanza kazini, katika usiku wa mvua na asubuhi za barafu, miezi mingi kabla ya jina la dereva kuandikishwa. Mgongano wa mwezi wa kumi na mmoja huzika jitihada za miezi kumi iliyotangulia.

Anayevuka kizingiti hicho hukabiliwa na mambo matatu: mtihani wa kuandika, ukaguzi wa gari, na uendeshaji wenyewe.

Maswali ya mtihani hutokana na kitabu maalumu cha chama hicho, Facts for Drivers. Humo mna masuala ya usalama, sheria za barabara kuu, huduma ya kwanza, moto na historia ya uchukuzi. Dereva sharti ajue, kwa mfano, kwamba sheria ya Marekani inamruhusu anayebeba mizigo kuendesha kwa muda usiozidi saa 11 baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Kwamba kina cha nyufa za tairi za mbele hakipaswi kupungua milimita 3.2, na tairi nyingine milimita 1.6, na kwamba lori likikwama barabarani, pembetatu tatu za tahadhari huwekwa katika muda wa dakika 10. Si ajabu mzoefu wa miaka 20 akaiogopa karatasi kuliko usukani. Kwa sababu hiyo, kitabu husomwa kidogo kidogo, mara nyingi wakati wa mapumziko safarini.

Katika ukaguzi, waandalizi hutia kasoro garini kwa makusudi, na dereva hupewa dakika chache za kuzibaini. Yaweza kuwa taa iliyoungua, boliti iliyolegea au mpira wa breki za upepo uliochanika. Hapa anayebahatisha mahali kasoro ilipofichwa huumia. Aliyejizoeza hufuata mpangilio uleule kila siku: huanza mbele kwenye injini, huzunguka gari zima upande mmoja hadi mwingine, hushika kwa mkono na kutega sikio asikie upepo unaovuja. Mazoea hayo hayapatikani kwa wiki moja ya mazoezi. Madereva wa trela zinazotoka bandari ya Mombasa kwenda Malaba hawahitaji kuelezwa thamani yake. Mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa umejulikana kwa miaka mingi kutokana na malori yaliyoshindwa kusimama.

Uendeshaji hufanyika katika uwanja uliofungwa, uliopangwa vizuizi. Mshiriki hupinda kona huku tairi za nyuma zikikaribia alama bila kuigusa, hupenya katikati ya vigingi, hurudi nyuma hadi kwenye jukwaa la kupakulia, na husimamisha bampa karibu kabisa na mstari. Waamuzi hupima umbali kwa inchi. Haruhusiwi kushuka kutazama amefika wapi. Vioo na macho yake ndivyo vipimo vyake. Isitoshe, gari la fainali huenda si lile alilolizoea, hivyo hana budi kujifunza upesi urefu wake na jinsi mkia wa trela unavyofagia kona.

Kampuni zinazothamini mashindano haya hutenga sehemu ya yadi zao, ambapo madereva hujipangia vigingi siku za mapumziko na kupimana kwa futi ya utepe. Zoezi linalorudiwa sana ni kurudi nyuma, kwa kuwa ndilo hufichua woga wa dereva.

Alama za sehemu zote tatu hujumlishwa. Kila kitengo hupata bingwa wake, kisha mmoja miongoni mwao hutangazwa bingwa wa jumla. Anayeegesha kwa ustadi lakini akakosa maswali kadhaa ya karatasi hupitwa na mwenzake wa wastani aliyesoma, na ndiyo maana wakufunzi wengi huanza na kitabu kabla ya kumpeleka mtu kwenye vigingi.