Kinywaji cha Nchi Isiyo na Maji

Taarikhi ya pombe katika Uwanda wa Makonde huanza na maji, na maji ndiyo neema ambayo uwanda ule haukujaaliwa. Mchanga wake huinywa mvua yote, nayo chemchemi hutokea mbali chini ya magenge, upande wa Ruvuma na upande wa Lukuledi. Na Wamakonde, katika hadithi ya asili yao, husimulia kuwa wahenga walipanda juu kwa hiari yao, kwa sababu watoto waliozaliwa karibu na mto hawakuishi. Basi kwa miaka isiyohesabika wanawake wa Newala walishuka bondeni alfajiri na mitungi na vibuyu, wakarudi wakipanda genge na mzigo kichwani.

Katika nchi ya namna hiyo kupika pombe ya mtama lilikuwa jambo zito. Nafaka sharti ilowekwe mpaka iote, ianikwe, isagwe iwe kimea. Kisha uji upikwe, upozwe, utiwe kimea, uachwe siku kadhaa uchachuke. Na karibu kila hatua hudai maji. Mwenye shamba aliyetaka majirani waje kumlimia, na wazazi waliokuwa wakiwatoa wana wao jandoni au unyagoni, walijua kuwa nyuma ya kila mtungi pana safari nyingi za wake na mabinti. Kwa hiyo pombe ile haikuwa kiburudisho cha kila jioni, bali ilikuwa ujira, mwaliko na tambiko. Masasi, iliyo chini ya uwanda, kwa Wamakua na Wayao, taabu ya maji ilikuwa nafuu kidogo, walakini shughuli zilizodai pombe zilikuwa zilezile.

Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu kutoka jumba la makumbusho la Leipzig, alipita Masasi, Newala na Mahuta akiandika habari za unyago na kunasa nyimbo kwa fonografu, ilhali majivu ya Vita vya Majimaji hayajapoa, na misheni ya Masasi, iliyoasisiwa na Askofu Edward Steere mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, imekwisha teketezwa. Mwaka huohuo Wabenediktini wa St. Ottilien, watawa kutoka Bavaria, walianza kujenga Ndanda, penye chemchemi, chini ya uwanda. Kwao Bavaria, bia ilikuwa na sheria yake tangu mwaka 1516, mtawala alipoamuru isipikwe ila kwa shayiri, hopsi na maji. Na München ilikuwa na kiwanda cha bia cha mtawala, Hofbräuhaus, tangu 1589. Kule mpishi wa bia alikuwa mwanamume mwenye chama cha mafundi wenziwe na jina lililoandikwa. Huku alikuwa mwanamke aliyejifunza kwa mama yake, wala hapana daftari lililomtaja. Sioni sababu ya elimu moja kuitwa sanaa na ya pili kuitwa mazoea.

Daftari lilipokuja lilikuja kwa ajili ya kodi. Chini ya Waingereza, Sheria ya Vileo vya Wenyeji ya 1923 iliwataka wauzao pombe mijini wawe na leseni, na ndipo vilipoenea vilabu vya pombe: banda refu lisilo na kuta, mabenchi, na kila mama na pipa lake, akichota kwa kata na kupokea senti. Kitu kilichokuwa ujira wa majirani kikawa bidhaa; lakini bidhaa hiyo iliwapatia wajane na walioachwa chumo lao wenyewe, na jambo hilo silidharau hata kidogo.

Badiliko lililo kubwa zaidi lililetwa na mti. Mkorosho, ambao Wareno waliutoa Brazili katika karne ya 16 wakaupanda pwani ya Msumbiji, ulienea mno uwandani baada ya Vita Kuu ya Pili, hata msimu wa 1973/74 Tanzania ikavuna takriban tani 145,000 za korosho, nyingi zikiwa za kusini. Nayo kila korosho huning'inia chini ya bibo lenye uzito mara kadhaa kuliko yenyewe. Mabibo hukamuliwa, maji yake yakaachwa, yakachachuka yenyewe yakawa uraka, pasipo kimea, pasipo kuni, pasipo hata tone moja la kuteka bondeni. Wanawake waliobeba maji vizazi kwa vizazi walipata kinywaji kilichobeba maji yake chenyewe, na nadhani hiyo ndiyo sababu ya kushinda kwake. Maji ya mabomba yalipopandishwa uwandani, kwanza katika miaka ya 1950, kisha kwa msaada wa Finland katika miaka ya 1970, hayakuung'oa uraka.

Uraka haukai, siku chache tu huharibika, na kwa hiyo wengine huutia motoni wakaukeneka, wakapata nipa, pombe kali. Hapo sheria ni kali. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 kuhusu vileo ulikataza kutengeneza pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na baada ya uhuru sheria ya 1966 ya moshi, yaani pombe ya kukenekwa, iliwaachia ukenekaji wenye leseni tu. Kwa hiyo uraka hunywewa hadharani msimu wa mavuno, ilhali nipa hupikwa vichakani, pasipo mtu wa kupima ukali wake wala usafi wa vyombo, nao wanywaji ndio wapatwao na madhara. Siku hizi kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na Mtwara, hufundisha kutengeneza sharubati, jamu na mvinyo kwa mabibo. Nami natamani wanawake waliokamua uraka tangu utotoni waitwe huko, wakae pamoja na wataalamu, na wanayoyajua yaandikwe kwa majina yao.