Sambaza wa Kivu wakati wa masika: mambo ya kujua kabla ya kupakia mzigo Bugarama

Bugarama haina ziwa. Iko bondeni kando ya mto Rusizi, katika sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, kwenye mwinuko wa mita 950 hivi, na joto lake linawachosha hata wenyeji. Lakini ni soko ambalo maziwa mawili hukutana. Sambaza wa Kivu, ziwa lililo kwenye mita 1,460, hushuka kwa barabara ya Kamembe. Ndagala wa Tanganyika, lililo kwenye mita 770 hivi, hupanda kupitia Uvira na Kamanyola, ng'ambo ya mto. Anayetaka kuielewa bei ya samaki mkavu Bugarama lazima afuatilie maziwa yote mawili, na Machi hadi Mei ndiyo miezi ambayo makosa huwagharimu wengi.

Tuanze na Kivu. Kwa watu wa umeme, ziwa hili ni bwawa: maji yanayotoka hupimwa kwenye kituo cha Rusizi I pale Mururu, kilichoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha hutumika tena Rusizi II, kituo cha mwaka 1989 cha Burundi, Rwanda na Kongo. Kwa mvuvi ni ziwa lenye tabia ya peke yake. Lina kilomita za mraba 2,370 na kina kinachokaribia mita 485, lakini samaki huishi katika tabaka la juu tu, mita 60 hivi, kwa sababu huko chini hakuna oksijeni, kumejaa gesi.

Sambaza mwenyewe ni mgeni. Kwa jina la kitaalamu ni Limnothrissa miodon, na asili yake ni Tanganyika. Maporomoko ya Rusizi yalimzuia kupanda mwenyewe, hivyo vifaranga vililetwa na watu karibu na mwaka 1959. Kwa miaka mingi hakuna aliyewavua kwa wingi, mpaka mradi wa Umoja wa Mataifa ulipoanza mwaka 1979 kuwafundisha wavuvi namna ya kuwapata katikati ya ziwa.

Namna hiyo ndiyo inayotumika hadi leo. Mitumbwi mitatu hufungwa sambamba kwa miti mirefu, na upande wa Rwanda chombo hicho pamoja na watu wake huitwa ikipe. Wavuvi hutoka jioni, hushusha wavu mpana chini ya maji, kisha huwasha taa. Zamani zilikuwa taa za mafuta ya taa zenye pampu. Siku hizi nyingi ni za betri, tena huchajiwa kwa jua. Mwanga huvuta vijidudu vya majini, vijidudu huvuta sambaza. Samaki wakishajikusanya juu ya wavu, taa husogezwa katikati na wavu huinuliwa kwa kamba. Kazi hurudiwa mara kadhaa hadi alfajiri.

Kwa hiyo mpinzani wa kwanza wa ikipe ni mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa haushindi mwanga wa angani, samaki hutawanyika, na ikipe hupumzika karibu wiki nzima. Hapa mnunuzi anaweza kujisaidia bila kumpigia mtu simu. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama, na kila usiku unaofuata huchelewa kwa karibu dakika 50. Siku chache baada ya mwezi mpevu, basi, saa za mwanzo wa usiku zina giza na mitumbwi huanza kurudi kazini. Wanaofuata kalenda ya Kiislamu wana hesabu tayari: tarehe 13 hadi 17 za kila mwezi wao ni siku za samaki adimu. Anayemuahidi mteja wa Kamanyola mzigo mkubwa katika siku hizo anajitafutia ugomvi.

Masika huongeza mambo mawili. La kwanza ni dhoruba za usiku, ambazo hukatisha uvuvi au kuwazuia wavuvi wasitoke kabisa. La pili, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kwa msomaji wa ukurasa huu, ni ukaushaji. Wengi hulalamika kwamba masika samaki hawapo. Mara nyingi wapo, ila hawakauki.

Hesabu ni hii. Robo tatu ya uzito wa samaki mbichi ni maji. Katika kilo 100 za sambaza mbichi, kitu kikavu hasa ni kilo 25. Wakikaushwa mpaka unyevu ubaki asilimia 15, unapata kilo 29 na kidogo. Wakitolewa kichanjani mapema kwa sababu mvua inakuja, unyevu ukiwa asilimia 30, wanakuwa kilo 36 karibu. Muuzaji anayekupa kilo 36 kwa bei ya mkavu amekuuzia zaidi ya kilo 6 za maji, na bado hujafika kwenye hasara yenyewe, kwani mzigo wa namna hiyo ukifungwa gunia na kushushwa kwenye joto la bondeni huota ukungu. Mwandishi huyu aliwahi kununua gunia moja kwa ajili ya nyumbani, akaona aibu kulifungua mbele ya wageni.

Jaribio ni rahisi: vunja samaki mmoja. Aliyekauka hukatika kwa mlio. Anayepinda bado ana maji. Chovya mkono katikati ya gunia, si juu. Na dereva anayepandisha saruji ya Bugarama na kushusha samaki kwa gari hilohilo afagie kwanza na atandike turubai, maana vumbi la saruji likishika samaki halitoki.

Kuhusu vifaranga, sheria ni kali na sababu yake iko wazi. Sambaza hutaga karibu na ufuo na watoto hukulia hukohuko. Nyavu za matundu madogo ziitwazo kaningini huwakomba kabla hawajazaa, ndiyo maana Rwanda imezipiga marufuku. Mzigo wa vidagaa vidogo mno kwa bei ya chini ni wa kuuliza maswali, kwa kuwa unaweza kukamatwa nao wewe, si mvuvi.

Baada ya masika huja kufungwa kwa maziwa, na hapa panahitaji kalenda ukutani. Nchi 4 za Tanganyika, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilikubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Hazikuanza kutekeleza kwa pamoja. Tanzania ilianza mwaka 2024. Rwanda nayo husimamisha uvuvi wa sambaza Kivu kwa miezi 2, kwa kawaida kuanzia Agosti, na tarehe kamili hutangazwa kila mwaka. Angalia zinavyofuatana: ndagala akipungua, wanunuzi wa Kamanyola hugeukia sambaza, ndagala akirudi, sambaza huondoka. Kati ya Juni na Julai jua huwa la kutosha na Kivu iko wazi, kwa hiyo anayejua kukausha na kuhifadhi ana nafasi nzuri ya kuweka akiba.

Upepo wa kiangazi pia huchanganya maji ya Kivu na kupandisha rutuba kutoka chini, chakula cha samaki kikaongezeka kuelekea Agosti na Septemba.

Mpaka ni habari nyingine. Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024, na njia ya Ruhwa ikaguswa moja kwa moja. Bukavu na Kamanyola ziliingia mikononi mwa M23 Februari 2025, na tangu hapo saa za kuvuka na tozo za upande wa pili zimekuwa za kuulizwa kila mara. Ulizia asubuhi ya safari, kwa mtu aliyevuka siku hiyohiyo, kabla ya kulipia gunia hata moja.