Ndoa Mbele ya Karani

Aliyeolewa Kisangani, Kongo, na mume anayeishi Ubelgiji hana pa kuombea visa mjini kwake. Kwa kawaida husafiri hadi Kinshasa: kwa ndege kutoka uwanja wa Bangoka kama fedha ipo, au kwa mto, kilomita 1,700 hivi. Zamani makonsuli walikaa hapa hapa. Waasi wa Simba walipouteka mji mwaka 1964, ulipokuwa bado Stanleyville, walimshika Michael Hoyt wa Marekani na Patrick Nothomb wa Ubelgiji, wakabaki mateka hadi makomandoo wa Ubelgiji waliposhuka kwa miavuli tarehe 24 Novemba.

Swali linalowangoja wanandoa huko, je, huyu ni mkeo kweli, halikuanzia ubalozini. Enzi ya ukoloni wa Wabelgiji, Mwafrika aliyetaka kuhama eneo lake alihitaji pasi, na katika miji mikubwa mwanamke aliyeonekana hana mume alitozwa kodi ya pekee. Dikrii ya 4 Aprili 1950 ikapiga marufuku ndoa mpya za wake wengi kuanzia 1951. Nani mke na nani si mke, aliamua karani.

Huko ng'ambo mashaka yalikuja kuandikiwa sheria. Kesi ya Stokes ya New York, miaka ya 1970, iliacha jina lake kwenye mahojiano ambapo mume na mke huulizwa kila mmoja peke yake, kisha majibu hulinganishwa. Uingereza, hadi 1997, mwombaji alitakiwa athibitishe kwamba hakuoa au kuolewa hasa ili ahamie huko. Sijui mtu anathibitishaje jambo asilokusudia. Ubelgiji iliingiza ndoa ya uongo katika sheria yake ya kiraia mwaka 1999, ikaifanya kosa la jinai mwaka 2006, na mwaka 2011 ikamwongezea Mbelgiji anayemwita mwenzi wake sharti la kipato.

Utata mkubwa uko kwenye mahari. Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987 inaidai, na kwa mila ni shughuli ya koo mbili. Bwana harusi akiwa mbali, kaka yake humwakilisha, na hakimu anaweza kuruhusu uwakilishi hata mbele ya afisa wa serikali kwa sababu nzito. Basi picha zinazofika ubalozini zinamwonyesha bibi harusi ameketi karibu na shemeji, mbuzi na vitenge mbele ya wazee, mume hayumo. Wazee wanaona ndoa kamili, anayehoji anaona pengo. Anauliza mlikutana wapi, nani alileta mahari, mume anafanya kazi gani, mwisho mmezungumza lini. Wengi hukariri majibu safari nzima, na majibu yaliyokaririwa huzusha mashaka mapya.

Ubelgiji ikimnyima visa, mwombaji ana siku 30 za kukata rufaa. Baraza linalosikiliza rufaa hizo liko Brussels, na shauri huendeshwa kwa Kifaransa au Kiholanzi.