Waliuendea Mwezi, Wakaiona Nchi

Katika Biblia yetu ya Kiswahili neno "nchi" lina maana mbili. Katika Mwanzo sura ya 1 ni dunia yote aliyoiumba Mungu. Mbele kidogo tunakutana na nchi ya Misri na nchi ya Moabu, kila moja na mfalme wake na mpaka wake. Tumelisoma neno hili tangu utotoni bila kujiuliza ni nchi ipi iliyotangulia. Picha mbili zilizopigwa kutoka angani, mwaka 1968 na mwaka 1972, zinatukumbusha jibu.

Mwaka 1968 ulikuwa mchungu kwa Marekani. Mwezi Aprili Mchungaji Martin Luther King aliuawa kwa risasi, na vita ya Vietnam ilikuwa ikiendelea kula vijana. Mwezi Desemba Frank Borman, James Lovell na William Anders walirushwa na Apollo 8, wakawa wanadamu wa kwanza kuuzunguka mwezi. Kazi waliyotumwa kwa kamera zao ilikuwa hasa kuupiga picha mwezi, ili wenzao watakaofuata wajue mahali pa kutua. Tarehe 24 Desemba, katika mzunguko wa nne, Anders aliiona dunia ikichomoza juu ya upeo wa mwezi. Akaomba upesi filamu ya rangi, akapiga. Mwezi ulikuwa wa kijivu, usio na uhai, na anga yote giza. Kitu kimoja tu kilikuwa na rangi, nacho kilikuwa nyumbani. Baadaye, katika mkesha ule wa Krismasi, walisoma kwa zamu mistari 10 ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo, na watu wa mataifa mengi wakawasikia.

Lakini picha ile ilionyesha sehemu tu ya dunia, nyingine ikiwa gizani. Dunia nzima ilikuja kupigwa picha yake mashuhuri tarehe 7 Desemba 1972, na Eugene Cernan, Ronald Evans na Harrison Schmitt wa Apollo 17. Walikuwa wamesafiri kwa muda wa saa 5 hivi, wakiwa umbali wa takriban kilomita 29,000. Jua lilikuwa nyuma yao, kwa hiyo dunia ikaonekana duara kamili lenye mwanga. Afrika yetu inaonekana karibu yote, pamoja na Arabuni, kisiwa cha Madagaska na barafu ya ncha ya kusini. Katika filamu, kusini kulikuwa juu. Picha ilipotolewa iligeuzwa, kaskazini kukawa juu, kama ramani za darasani. Dunia yenyewe haina juu wala chini. Mazoea ndiyo yaliyoigeuza.

Picha haihubiri yenyewe. Wapo walioitazama wakamsifu Muumba, na wapo walioitazama wasimwone. Mwimbaji wa Zaburi ya 24 hakuwahi kuiona dunia nzima, lakini alikiri kwa imani kwamba yote ina Mwenyewe mmoja. Sisi tulioiona tuna udhuru gani?

Hapa sisi wachungaji tunapaswa kutubu. Mara nyingi tumehubiri kwamba dunia ni mapito, mpaka washarika wakadhani kwamba kitu cha kupita hakihitaji kutunzwa. Tumenyamaza miti ya chanzo cha maji ilipokatwa. Tumewazika wazee huku watoto wao wakigombana, kaburi likiwa bado wazi, juu ya hatua mbili za mpaka wa shamba. Katika Katekisimo Ndogo tunafundishwa kumkiri Mungu aliyetuumba sisi pamoja na viumbe vyote, na bado tunaishi kana kwamba alituumba sisi na shamba letu tu.

Hatusemi mipaka ing'olewe. Jirani naye anahitaji ulinzi wa haki yake. Tunasema kwamba nchi ya Mwanzo ilitangulia nchi zetu zote, na shamba ni sehemu tuliyokabidhiwa ndani yake. Wazee wa usharika watakapoitwa tena kusuluhisha mpaka, waanze kwa kusoma Zaburi hiyo, pande zote mbili zikiwa zimesimama pamoja juu ya udongo wenyewe. Kisha ndipo wachukue kamba ya kupimia.