Kutoka shaba ya Kilembe hadi minara ya simu: vijana wa Kasese na fadhila za kampuni

Mji wa Kasese, magharibi mwa Uganda, ulizaliwa na kampuni. Reli kutoka Kampala ilifika hapo mwaka 1956 kwa sababu ya shaba ya Kilembe, na mzigo wa mgodi ukaanza kusafiri kwenda kuyeyushwa Jinja. Kampuni ya Kilembe Mines, iliyokuwa chini ya Wakanada wa Falconbridge, ilijenga makazi ya wafanyakazi katika bonde la Mto Nyamwamba, ikajenga hospitali, na watoto wa wachimbaji wakasoma hukohuko bondeni. Kijana aliyeingia mgodini akiwa kibarua aliweza kutoka akiwa fundi umeme au fundi mitambo. Hakuna aliyelipigia tarumbeta jambo hilo. Mchimbaji mgonjwa hachimbi, na mtambo usio na fundi hauzunguki, basi kampuni ikayafanya hayo kwa faida yake na ya wenyeji kwa pamoja.

Kisha ukaja utawala wa Idi Amin. Wakanada wakaondoka, vipuri vikakosekana, bei ya shaba ikashuka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ukasimama. Treni nayo ikakoma kuja. Hospitali ilibaki ikihangaika kutafuta wa kuitunza, hadi Nyamwamba ilipofurika tarehe 1 Mei 2013 na tena Mei 2020, maji na mawe yakaharibu majengo yake. Mwekezaji wa Kichina aliyekabidhiwa mgodi mwaka 2013 alinyang'anywa mkataba miaka michache baadaye. Nimeanza na habari hizi kwa sababu watu wa Kasese walikwisha kuonja wema wa kampuni kubwa muda mrefu kabla ya mnara wa kwanza wa simu, na wanajua kinachobaki kampuni inapoondoka.

Simu zilichelewa kuwafikia. Mwaka 1996 Uganda nzima ilikuwa na laini za mezani zisizofika 50,000, nyingi zikiwa Kampala. Celtel ilikuwa imeanza huduma ya simu za mkononi mwaka 1995, lakini kwa bei iliyowafaa mabalozi na wafanyabiashara wakubwa. Mwaka huohuo wa 1996, mwezi Novemba, waasi wa ADF walivuka mpaka kutoka Kongo wakashambulia Mpondwe, mji wa mpakani wilayani Kasese, na watu wa Bwera jirani wakakimbia. Miaka iliyofuata, makumi ya maelfu ya wakazi wa milima ya Rwenzori waliishi kambini. Aliyetaka kujua kama nduguye yuko hai alituma mtu, alisubiri barua au alitega sikio redioni.

Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1997 ilivunja ukiritimba wa shirika la posta na simu, ikaunda tume ya kusimamia sekta, UCC. MTN ilipata leseni mwaka 1998 na kufungua huduma Oktoba mwaka huo. Ushindani ukashusha bei, na minara ikafuata barabara kuu hadi magharibi. Lakini mnara uliosimama tambarare haukuwa na maana kwa mkulima wa kahawa aliyekaa nyuma ya mlima, asiye na umeme wala fedha za kununua simu.

Hapo ndipo ulipoingia mpango ambao hadi leo naona ndio uliowatendea wanakijiji haki kuliko mingi iliyoufuata. Mwaka 2003 MTN Uganda na Grameen Foundation ya Marekani walizindua Village Phone, wakifuata njia ambayo wanawake wa Bangladesh walikuwa wameipita tangu 1997. Mtu wa kijijini alikopa kupitia taasisi ya mikopo midogo, akapewa simu, antena ndefu ya kusimamishwa juu ya mti au paa, na betri ya gari au paneli ya sola. Antena ile ilinasa mawimbi kutoka mnara ulio umbali wa zaidi ya kilomita 20. Aliyekopa aliwauzia majirani dakika za kupiga simu, akalipa deni lake polepole, na faida ikawa yake. Kampuni iliuza muda wa maongezi mahali ambapo isingeufikisha peke yake. Mkulima aliuliza bei ya kahawa mjini kabla ya kumkubalia mchuuzi. Kila upande ulipata kitu, na hakuna aliyepiga magoti kushukuru.

Mpango huo haukudumu. Simu za bei nafuu zilipojaa sokoni, kila nyumba ikanunua yake na biashara ya dakika ikafa. Lakini siuhesabu kuwa umeshindwa. Aliyekwisha kulipa mkopo alibaki na jina zuri kwenye kikundi chake cha akiba, na alijua kuendesha biashara. Wengi wa aina hiyo ndio waliogeukia kuuza vocha, kuchaji simu za watu kwa sola na kutengeneza zilizoharibika.

Mwaka huohuo wa 2003 ulianza kufanya kazi mfuko wa mawasiliano ya vijijini, RCDF, chini ya UCC. Fedha zake zilitokana na tozo ya kisheria: kila kampuni ya simu ilitakiwa kutoa asilimia 1 ya mapato yake ya mwaka. Mfuko huo ulilipia simu za umma mahali ambapo kampuni hazikuona faida, vituo vya intaneti katika miji ya wilaya, na maabara za kompyuta katika shule za sekondari za serikali. Mwanafunzi aliyegusa kompyuta mara ya kwanza katika shule ya serikali mkoani huenda aliigusa kwa fedha hizo, bila kuona nembo ya kampuni yoyote ukutani. Palikuwa na dosari, na zinajulikana: mashine bila mwalimu aliyefundishwa, umeme wa kukatikakatika, chumba kinachofungwa kwa kuogopa wizi. Hata hivyo fedha zilikuja kwa nguvu ya sheria, hazikungoja moyo wa mkurugenzi.

Kampuni zenyewe zilijipanga kutoa misaada baadaye. MTN Uganda Foundation ilisajiliwa mwaka 2007, na mwaka huohuo wafanyakazi wa MTN barani Afrika walianza desturi ya siku 21 za kujitolea kila Juni: kupaka rangi madarasa, kupanda miti, kufunga kompyuta. Mbio za marathoni za Kampala, zilizoanza 2004, zimechangisha fedha za maji na afya ya wajawazito. Celtel, iliyogeuka Zain na kisha Airtel mwaka 2010, ilileta mashindano ya soka ya vijana chini ya miaka 17, Airtel Rising Stars, kuanzia 2011, kwa wavulana na wasichana. Mwaka 2021 Airtel Africa na UNICEF walitangaza ushirikiano wa miaka mitano wa dola milioni 57 wa kupeleka intaneti mashuleni katika nchi 13. Siku hizi neno linalotawala ni ujuzi: mafunzo ya programu za kompyuta, ya kuanzisha biashara, ya kuuza mtandaoni.

Sidharau hata moja kati ya hayo. Msichana wa Kasese anayepewa viatu vya mpira na uwanja wa kuchezea hana haja ya kusikia uchambuzi wangu. Lakini hesabu ni hesabu. Utaratibu wa MTN ni kuipa taasisi yake ya hisani hadi asilimia 1 ya faida baada ya kodi. Tozo ya sheria ilikuwa asilimia 1 ya mapato yote. Mwaka 2022 mapato ya MTN Uganda yalizidi shilingi trilioni 2, na faida baada ya kodi ilizidi kidogo shilingi bilioni 400. Asilimia moja ya faida ile ni kama bilioni 4. Asilimia moja ya mapato yale ni zaidi ya bilioni 20. Kile kinachotolewa kwa sheria ni mara tano ya kile kinachotolewa kwa hiari, lakini cha hiari ndicho kinachopigwa picha magazetini, na cha sheria wananchi wengi hawajui kwamba kipo. Nimeona viongozi wakikesha kuandika barua za kuomba fulana na kompyuta kumi, ilhali mfuko wa umma wenye haki yao haujaulizwa swali.

Jambo lililobadilisha maisha ya vijana wa Kasese kuliko yote, hata hivyo, halikutoka kwenye hisani wala kwenye tozo. Machi 2009 MTN ilianza kutuma pesa kwa simu nchini Uganda, na kampuni nyingine zikafuata. Ndani ya miaka michache kila kona ya mji ilikuwa na kibanda cha njano au chekundu, na ndani yake kijana mwenye simu, daftari na mtaji wa floti. Kwa wakala huyo hakuna mshahara; kuna kamisheni ya kila muamala, na hatari ya kutapeliwa au kuvamiwa jioni ni yake mwenyewe. Lakini ni kazi. Karo ya shule kutoka kwa mjomba aliye Kampala inafika Kisinga au Kyarumba kwa dakika moja. Anayeuza kahawa analipwa bila kutembea na bunda la noti mlimani, na dereva wa bodaboda anaweka akiba bila kupanga foleni benki.

Bwera ina jambo lake zaidi. Mpondwe ndilo lango la kwenda Kasindi, Beni na Butembo, na watu wa pande mbili za Mto Lhubiriha, Wakonzo na Wanande, ni ndugu wanaoelewana lugha. Siku za soko Wakongo huvuka kwa maelfu, na Kiswahili ndicho kinachoamua bei. Mfanyabiashara wa hapo hukaa na laini mbili au zaidi, ya Uganda na ya Kongo, kwa kuwa mawimbi ya simu yanavuka mto bila kuonyesha kitambulisho. Kijana wa kibanda anabadili faranga, anajua viwango vya siku, anajua ni nani amekopa na nani amelipa. Hakuna semina ya siku tatu inayofundisha hayo.

Na simu imeokoa maisha hapo. U-Report, jukwaa la ujumbe mfupi ambalo UNICEF ililianzisha Uganda mwaka 2011, liliwapa vijana njia ya kujibu maswali na kutoa taarifa bila malipo. Juni 2019, Ebola ilipovuka kutoka Kongo ikaingia Kasese na wagonjwa wakatengwa katika hospitali ya Bwera, habari sahihi zilihitaji kukimbia kwa kasi kuliko uvumi. Redio na simu ndizo zilizofanya kazi hiyo, pamoja na wahudumu wa afya wa vijiji waliotembea nyumba hadi nyumba. Lakini simu pekee haitoshi: usiku wa tarehe 16 Juni 2023, ADF walipovamia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe na kuua watu 42, wengi wao wanafunzi waliokuwa mabwenini, nchi nzima iliona kwamba kijana wa mpakani anahitaji kwanza kulala salama ndipo tuzungumze naye habari za kompyuta.

Serikali nayo imewahi kuvuta kamba upande wa pili. Julai 2018 ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, na asilimia 1 kwenye miamala ya pesa kwa simu, iliyopunguzwa baada ya malalamiko hadi asilimia 0.5 ya fedha zinazotolewa. Mawakala waliona wateja wakipungua wiki ile ile. Kodi ya mitandao ilifutwa 2021, badala yake ikaja asilimia 12 juu ya bando za intaneti. Wakati huo shule zilikuwa bado zimefungwa kwa ajili ya korona, kabisa au kwa sehemu, tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, kipindi kirefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Mtoto wa Kampala mwenye simu janja alisoma. Mtoto wa milimani Bukonzo alichuma kahawa, alipika, au alipata mimba. Kampuni zilifungua tovuti kadhaa za masomo bila kukata bando, lakini tovuti ya bure haimfai asiye na simu wala mawimbi.

Ndiyo maana nasema kampuni ya simu ipimwe Kasese kwa mambo matatu yasiyohitaji sherehe: bei ya bando, kamisheni ya wakala, na mnara unaofika nyuma ya mlima. Kijana akilipwa vizuri kwa kila muamala atajinunulia kompyuta mwenyewe, na atamsomesha mdogo wake. Misaada ije baada ya hapo, na ikija iwe na hesabu ya wilaya kwa wilaya, si jumla ya taifa. Madiwani wa Kasese, na halmashauri ya mji wa Mpondwe-Lhubiriha pia, wana haki ya kuiandikia UCC kuuliza ni kiasi gani cha tozo kimefika kwao tangu 2003, shule zipi zilipata maabara, na ngapi kati ya hizo zinafanya kazi leo. Barua hiyo haigharimu kitu. Iandikwe mwaka huu, majibu yasomwe redioni kwa Lukonzo na Kiswahili, na vijana wenye vibanda wakaribishwe kwenye kikao hicho.