Nyumba ya Wamakonde na Ghorofa Yake ya Moshi

Msafiri apandaye kutoka Masasi, mji uliolala baina ya majabali, mpaka Newala iliyo ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, akasimama pale Shimo la Mungu na kulitazama bonde la Ruvuma, hustaajabu kwamba watu walihiari kukaa huko juu pasipo mto wala kijito, kwani mchanga wa uwanda hunywa mvua yote na kuitoa chini magengeni. Hadithi yao ya asili, aliyoinakili Mjerumani Karl Weule katika safari yake ya mwaka 1906, yasema kwamba watoto waliozaliwa karibu na mto walizaliwa wafu, akaishi yule tu aliyezaliwa juu. Nami nadhani hofu ya wateka watumwa, na ya Wangoni walioishambulia misheni ya Masasi mwaka 1882, iliitia hadithi hiyo nguvu.

Nyumba nayo ilijengwa kwa hesabu ya mahali. Viambaza vilikuwa vya fito na udongo, na paa la nyasi likashuka hata likafanya baraza. Ndani, juu ya mafiga, palitandazwa dari ya fito ambapo mahindi na mtama wa mbegu ulikaa motoni bila kuungua, moshi ukiukausha na kuwafukuza fukusi, masizi yakizing'arisha fito mfano wa mpingo. Jiko, ghala na malazi chini ya paa moja: wahandisi wa Dar es Salaam, wanaopanga maduka, ofisi na makazi katika jengo moja refu, wasingeona ajabu, ingawa macho ya mpishi yalilipa gharama ya moshi ule.

Aibu ya paa hilo ilikuwa maji. Nyasi hutiririsha maji ya rangi ya chai, kwa hiyo wanawake walishuka magenge alfajiri na kupanda na mitungi kichwani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ukaanzishwa mradi wa kuyasukuma maji kwa mitambo kutoka mabondeni, na fedha za korosho zikaleta mabati. Ndipo mlizamu ukaning'inizwa ukingoni mwa paa na birika la saruji likachimbiwa uani, mvua ya kwanza ikiachwa ioshe vumbi, na zile zinazofuata, mpaka Aprili, zikiwekwa akiba ya kiangazi.

Lakini chini ya bati dari ya moshi haikupata nafasi. Magunia ya mahindi sasa hulala chumbani pamoja na wenyewe, na birika lina kufuli.