Mteremko wa Bugarama

Nimekuwa nikitengeneza breki hapa Buyenzi, Bujumbura, tangu ujana, na wateja wangu wagumu ni wabeba ndizi kwa baiskeli wa Bugarama. Hushuka barabara ya RN1 kutoka zaidi ya mita 2,000 hadi Ziwa Tanganyika, kama mita 770, mikungu imefungwa kwenye keria kwa mipira. Breki zikichoka, soli za viatu husugua tairi. Kurudi hudandia malori, wawili watatu pamoja, mmoja akiwapigia wenzake kelele shimo likija. Mwaka 1976 huko California marafiki walishindana kuteremka karibu na Mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu hadi grisi ya breki ikaungua. Dunia ikauita mchezo. Hawa wetu, wenye mzigo juu, huitwa wakaidi. Machi 2022 baiskeli zilipigwa marufuku katikati ya Bujumbura. Spoku bado nauza.